Yakuti si nyekundu peke yake

Ndugu Mhariri,

Chemshabongo yenu ya Jumamosi imetuletea ugomvi mezani. Mstari wa 9, kwenda kulia: "Kito chekundu, herufi 6." Mke wangu alitaja yakuti kabla sijamaliza kusoma swali, akanyoosha mkono achukue kalamu. Nikaificha. Nikamwambia swali lenyewe halijakaa sawa, na mwenye kosa si yeye bali ni gazeti. Akasema basi niwaandikie nyinyi, nimwache anywe chai yake. Ndiyo haya.

Yakuti nyekundu ipo, sikatai. Ndiyo hiyo ambayo wafanyabiashara wa madini wanaiita rubi. Lakini kusema yakuti ni kito chekundu ni sawa na kusema mbuzi ni mnyama mweusi. Weusi wapo, tena wengi, ila ukienda mnadani na maelezo hayo utarudi mikono mitupu.

Baba yangu alikuwa fundi sonara hapa Tanga. Nikiwa darasa la tano au la sita, kuna mtu alikuwa akija dukani na vijiwe vya bonde la Umba, kavifunga kwenye pembe ya kitambaa kama wazee wafungavyo ugoro. Baba hakuwa anaviangalia kwa taa. Alitandaza karatasi nyeupe karibu na mlango, penye mwanga wa asubuhi, akavimwaga hapo na kuvitenganisha kwa ncha ya koleo. Nakumbuka kimoja kilikuwa na rangi ya bahari kabla jua halijapanda, kingine kama chai ya rangi, kingine zambarau iliyopauka, na viwili kama chungwa lililoiva likapitiliza. Chekundu hasa hakikuwemo hata kimoja. Nikamuuliza ni vito gani, nikitegemea nipewe majina manne. "Yakuti," akasema. Na hiki? "Yakuti." Na hiki cha kama chai? "Yakuti, mwanangu. Kanzu tu ndizo mbalimbali."

Baba hakusoma kemia, na kemia imemuunga mkono. Wataalamu wa madini wanaliita jiwe hilo korundi, nalo limetokana na aluminiamu na oksijeni. Ikiingia kromi kidogo linakuwa jekundu. Zikiingia chuma na titani kwa pamoja linakuwa la buluu, lile wanaloliita safaya. Jiwe ni lile lile, ugumu wake ni 9 katika kipimo ambacho almasi ni 10. Na karne nyingi kabla ya maabara hizo, al-Biruni, mwanachuoni wa Khwarazm, Asia ya Kati, aliyezaliwa mwaka 973, aliandika kwa Kiarabu kitabu kizima cha vito akaipanga yakuti kwa rangi zake: nyekundu, ya manjano, ya samawati, nyeupe. Alikuwa na chombo cha kupimia ujazo wa jiwe kwa maji linayoyasukuma nje, akalinganisha uzito wa kila kito na ujazo wake. Hapo ndipo alipoona kwamba laal, jiwe jekundu la milima ya Badakhshan, upande wa Afghanistan, lililofanana mno na yakuti, ni jepesi kuliko yakuti, kwa hiyo si ndugu yake. Kwa mtu yule wekundu haukuwa hoja. Naona gazeti lenu limerudi nyuma miaka elfu moja.

Kuna wasomaji watakaosema hayo ni mambo ya Waarabu, Kiswahili kimejikatia maana yake. Basi wafungue Biblia ya Union Version, Ufunuo 21, aya ya 19 na 20, penye misingi kumi na miwili ya ule mji, Yerusalemu mpya. Msingi wa pili ni yakuti samawi. Wa tisa ni yakuti ya manjano. Watafsiri walikutana na majina mawili tofauti kabisa ya Kigiriki, la kwanza sapphiros na la pili topazion, wakayaweka yote chini ya yakuti wakiyatofautisha kwa rangi, kama wasemaji wa Kiarabu wafanyavyo. Hawakuona haja ya kutuambia "safaya" wala "topazi".

Tamu zaidi iko msingi wa kumi na moja: hiakintho. Hapo watafsiri walichukua neno la Kigiriki jinsi lilivyo, hyakinthos. Hilo ndilo neno lililomzaa yakuti! Lilipitia Kiaramu na Kiajemi cha kale, likafika kwa Waarabu likiwa yāqūt, likashuka na majahazi hadi kwetu. Kwa hiyo katika aya moja tunasoma mjukuu anayeitwa yakuti, na hatua chache mbele tunamkuta babu mwenyewe, hiakintho, wamekaa ukumbi mmoja na hawasalimiani. Nilifundisha Kiswahili sekondari miaka mingi, na kila nilipofika hapo nilikuwa napoteza nusu kipindi kwa furaha yangu mwenyewe.

Na babu huyo hakuwa mwekundu. Kwa Wagiriki hyakinthos lilikuwa kwanza ua, lile ambalo hadithi zao zinasema liliota penye damu ya kijana aliyeuawa na kisahani alichorusha Apollo. Kisha likawa jina la rangi inayokaribia buluu na zambarau, kisha la jiwe lenye rangi hiyo. Kule Ulaya, baada ya karne kadhaa, jina lile lile likaishia kuitwa mawe ya rangi ya chungwa na wekundu wa tofali. Ua la buluu kuzaa jiwe jekundu, na bado mnataka mwenye chemshabongo ajibu kwa rangi?

Hata hiyo "safaya" yenyewe msiiamini sana. Sapphiros ya wakale haikuwa korundi. Pliny, mwandishi wa Roma ya kale, anaieleza kuwa ni jiwe lenye vitone vya dhahabu, na Ayubu 28:6 nayo inataja yakuti samawi pamoja na mchanga wa dhahabu. Korundi haina vitone hivyo. Mwenye navyo ni lapis lazuli, jiwe la buluu nzito linalochimbwa Badakhshan huko huko, na vitone ni piraiti, madini yanayong'aa kama dhahabu na si dhahabu. Jina lilihama baadaye likakalia jiwe jingine la buluu. Watafsiri wetu waliandika yakuti samawi kwa kufuata jina, na jiwe lilikuwa limeshabadilika kitambo.

Kwa upande wa Qur'ani, Surat Ar-Rahman aya ya 58 inawafananisha wanawake wa peponi na yakuti na marijani. Wafasiri kadhaa wa zamani walisema kilichokusudiwa katika yakuti ni ung'avu wake, kule kuona ndani yake bila wingu. Sijasikia shehe aliyesema watakuwa wekundu.

Nisije nikaonekana nawaonea wa chemshabongo peke yao, wekundu umewapoteza hata wafalme. Taji rasmi la Uingereza lina jiwe kubwa mbele linaloitwa rubi ya Black Prince, mwana wa mfalme aliyelipata Hispania mwaka 1367. Si rubi. Ni spineli, yaani ile laal ya al-Biruni. Ulaya ilisubiri mpaka mwaka 1783, Mfaransa Romé de l'Isle alipoyatenganisha mawe hayo mawili, na jiwe likabaki kwenye taji na jina lake la uongo.

Mpwa wangu naye yalimfika. Alitoka Mahenge na kijiwe chekundu kama mbegu ya komamanga, akaniambia, "Mjomba, hii ni rubi, nimeipata kwa bei ya kutupa." Bei ya kutupa ilinipa wasiwasi. Tulimpelekea dalali mmoja Arusha, akalishika kwa kibano mbele ya dirisha na kulitazama kwa kimrija kifupi chenye lenzi, akaligeuza, akatazama tena, kisha akampa mpwa wangu aangalie mwenyewe. Ndani ya kimrija kuna vidirisha viwili. Rubi ya kweli huonyesha wekundu wa aina mbili, kidirisha kimoja kikivuta zambarau na kingine kikivuta chungwa. Vya kwetu vilifanana kama mapacha. Spineli. Hakupata hasara, maana spineli za Mahenge zinatafutwa duniani tangu yalipopatikana mawe makubwa ya Ipanko mwaka 2007, ila njia nzima ya kurudi alikuwa kimya.

Na neno lenyewe halikuishia kwenye mawe. Watumwa katika nchi za Kiislamu walipewa majina ya vitu vya thamani, na Yakuti lilikuwa mojawapo, kama huku pwani tulivyokuwa na akina Feruzi, Almasi na Marijani. Mmoja wao alikuwa mtoto wa Kirumi, yaani wa dola ya Bizanti, aliyetekwa akauzwa Baghdad, tunamjua kwa jina la Yaqut al-Hamawi, aliyefariki mwaka 1229. Huyo ndiye aliyeandika kamusi kubwa ya miji na nchi ambamo anataja Maqdishu, yaani Mogadishu, na anasema watu wa kisiwa kimoja cha nchi ya Zanji walikuwa wamehamia Tumbatu. Delhi nako palikuwa na Yaqut wa Kihabeshi, msimamizi wa farasi wa Sultana Razia, aliyeuawa mwaka 1240. Mrumi na Mhabeshi, jina moja. Hapo pia rangi haikuulizwa.

Ombi langu ni dogo. Neno rubi liacheni sokoni, wachimbaji na madalali wanalihitaji kwa sababu bei ya nyekundu si bei ya njano. Katika kurasa zenu andikeni yakuti nyekundu na yakuti samawi, msomaji ajue ni watu wa nyumba moja. Na mtunzi wa chemshabongo, kama anataka herufi 6, aulize hivi: "Kito chenye kanzu nyingi."

Nimeinuka kutafuta bahasha na kurudi, nimekuta mstari wa 9 umeshajazwa, kwa wino.

Mtoto wa Sonara,
Tanga