Wageni wote wakaribishwe sawa kanisani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo lililonikaa moyoni, nalo ni namna tunavyokaribisha wageni makanisani mwetu huku Kasulu.

Jumapili, baada ya matangazo, mzee wa kanisa huwaomba wageni wasimame wajitambulishe. Ni desturi nzuri na ninaipenda. Lakini angalieni inavyofanyika. Akisimama mtu kutoka Dar es Salaam, akataja kazi yake na cheo chake, tunapiga makofi, kwaya inamwimbia, na ibada ikiisha anapelekwa kunywa chai kwa mchungaji. Juzi alisimama mama wa Kirundi, kibarua wa mashamba ya maharage, mtoto mgongoni, udongo mwekundu umemkaukia visiginoni. Akaanza kusalimu kwa Kirundi. Vijana wa nyuma wakacheka, na kabla hajataja hata jina lake mzee akamwambia, "Haya, asante mama, kaa." Wala hakuhitaji mkalimani! Kiha chetu na Kirundi vinasikilizana. Kila aliyekuwemo alimwelewa.

Yakobo aliandika habari hizi katika sura ya pili ya waraka wake: mwenye pete ya dhahabu hupewa mahali pazuri, maskini huambiwa asimame kule. Waraka huo tunausoma, tena unahubiriwa vizuri.

Sisi Waha hasa hatuna udhuru. Wakati wa mkoloni babu zetu walitoka Kigoma kwenda Tanga kukata mkonge, wakaitwa manamba. Babu mzaa mama alikuwa mmojawapo. Hadi uzeeni alikuwa akimtaja mzee mmoja wa Kibondei, Muheza, aliyemchukua nyumbani kwake akamuuguza homa, wala hawakuwa ndugu wala kabila moja. Bila mzee yule pengine mimi nisingekuwepo kuandika barua hii.

Na nchi yetu imeshaonyesha njia. Warundi waliokimbilia hapa mwaka 1972 walikaa, wakalima, wakazaa, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000, wao na watoto wao, walitangazwa kupewa uraia. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani mwetu mwaka 1996. Hawa si watu tuliowaona jana.

Wapo watakaosema kwamba wengine wametoka kambini bila kibali, na kwamba wizi umezidi. Vibali vina maofisa wake, na mwizi ana polisi wake. Mlangoni mwa kanisa kazi yetu ni kusalimu. Na anayemlimisha mtu wiki nzima kisha akampunja ujira kwa kuwa anajua hana pa kushtaki, asidhani sadaka yake ya Jumapili itamfunika.

Nawaomba wazee wa makanisa walijadili jambo hili. Mgeni ataje jina lake na alikotoka, inatosha; vyeo viachwe nje. Akijitambulisha kwa Kirundi asikilizwe hadi amalize. Wimbo uimbwe kwa wote au usiimbwe kabisa. Chai nayo ihamishwe kutoka kwa mchungaji, iandaliwe pale chini ya miembe, wageni wote wanywe pamoja. Akina mama hatutashindwa sukari na majani. Mihogo ya kuchemsha nitaleta mimi.

Mama mkulima,
Kasulu, Kigoma.