Barua kwa mwanangu: Aba si "dadi"

Mwanangu Eliya,

Mama yako amenisomea ujumbe wako mara mbili. Kupewa neno mbele ya vijana wa dayosisi nzima si jambo dogo, na nimefurahi. Kilichoninyima usingizi ni mstari mmoja tu, juu ya Aba, neno ambalo Yesu alimwita Mungu akiomba: "Aba ni kama mtoto mdogo anavyosema dadi", yaani daddy ya Kiingereza. Huo ufute kabla ya Jumamosi.

Anza na neno lenyewe. Shina ni ab, herufi alefu na bethi, maana yake baba. Kiebrania kikitaka kusema "yule baba" huweka kiambishi mbele: ha-ab. Kiaramu, lugha aliyoisema Yesu, hukiweka nyuma, -a: malka, yule mfalme, talitha ya Marko 5:41, yule msichana, abba (ndiyo Aba yetu), yule baba. Hiyo -a unayoidhania ni ya kitoto ni sarufi ya kawaida. Baadaye abba ikachukua pia nafasi ya abi, "baba yangu". Katika Mwanzo 22:7 Isaka anamwita Ibrahimu abi. Targumi ya Onkelosi, tafsiri ya Kiaramu, imeandika abba. Na huyo ni kijana aliyebebeshwa kuni za sadaka, si mtoto wa kunyonya. Katika Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, Shevuoti 7:7, warithi wanaodai deni la marehemu wanaapa kwamba abba hakuwaagiza, abba hakuwaambia, wala katika hati za abba hawakuona kwamba deni limelipwa. Watu wazima hao, wanaapa kwa habari ya mali. Hapo weka "dadi" uone kama patasomeka.

Kisha tazama Kiyunani. Katika Agano Jipya Aba imo mara tatu: Marko 14:36, Warumi 8:15, Wagalatia 4:6. Mara zote tatu inafuatwa na ho pater, yaani baba, neno la heshima la kawaida. Wayunani walikuwa na pappas, la watoto, na waandishi hawakuligusa. Biblia yetu ya Union imeandika "Aba, Baba" kwa Marko, na "Aba, yaani, Baba" kwa Paulo. Wasomee vijana zote mbili.

Ukitumia itifaki (kitabu cha kutafutia maneno ya Biblia) yenye namba za Strong, ambazo hulipa kila neno la asili namba yake, H la Kiebrania na Kiaramu, G la Kiyunani, angalia usichanganye: H1 ni ab ya Kiebrania, H2 ni ya Kiaramu cha Danieli na Ezra, ambako siku zote imebeba kiambishi cha mwenyewe ("baba yake", Danieli 5:2), na G5 ndiyo Aba. Wengi husoma H1 wakahubiri G5.

Wazo la lugha ya watoto lilienezwa na Mjerumani Joachim Jeremias, mtaalamu wa Agano Jipya, naye baadaye akajirudi. Mwaka 1988 James Barr, mtaalamu wa Biblia wa Chuo Kikuu cha Oxford, akaandika makala nzima kulipinga. Lakini ninyi mnaendelea nalo kwa sababu linapendeza masikioni.

Najua ulilitoa wapi. Daftari la kipaimara, ukurasa wa tatu, mwandiko ni wangu. Nimeshaupiga mstari mwekundu, ila waliokwenda nalo ni wengi, na siwezi kuwafuata wote. Wewe naweza.

Wala usivukie upande wa pili ukasema ni neno la baridi. Paulo anasema "twalia". Na sisi hatuhitaji kuazima dadi ya watu: kwetu mtoto wa miaka minne anasema "baba", na mzee wa miaka sitini akiingia kwa mzazi wake anasema "shikamoo, baba". Neno ni lile lile, upendo na utii humo humo. Abba ilikuwa hivyo. Hilo ndilo la kuwaambia, na sala ya Yesu Gethsemane italibeba: "uniondolee kikombe hiki, walakini, si kama nitakavyo mimi". Aliyesema hivyo hakuwa anadeka.

Sauti yako ni nzuri, ila unakimbia. Ukifika kwenye andiko, simama, wape muda wa kufungua. Na upige simu. Tangu Pasaka ni ujumbe tu.

Mdogo wako amebakiza nusu ya ada. Mbuzi mweupe amezaa mapacha, mmoja hanyonyi vizuri, mama yako anampa maziwa kwa chupa. Koki ya tangi inavuja tena. Ukija, njoo na mpya ya nusu inchi, ya shaba, ile ya plastiki haikumaliza mwezi.

Nijibu kabla ya Ijumaa kwamba ule mstari umeutoa.

Baba yako