Mzazi anayejua kushona aachwe ashone sare ya mwanawe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie walimu wakuu, bodi za shule na wazazi wenzangu jambo lililonikuta Januari mwaka huu, ambalo najua limewakuta wengine wengi wakanyamaza kwa kuogopa kwamba mtoto ndiye atakayelipia maneno ya mzazi.

Binti yangu alipopangiwa shule ya kuanza Kidato cha Kwanza, fomu ya kujiunga ilitutaka tumnunulie sketi mbili za marinda za rangi ya damu ya mzee, na chini yake palikuwa na mstari uliosema kuwa sare zote zinapatikana katika duka moja tu, lililotajwa kwa jina na kwa mtaa lilipo. Nilikwenda. Niliishika ile sketi, nikaigeuza ndani nje kama afanyavyo mtu anayeijua kazi, nikairudisha juu ya meza. Pindo lake lilikuwa jembamba kuliko kidole changu cha mwisho, ubavuni walikuwa wamepiga ovaloki peke yake, ule mshono wa kuzuia ukingo usichanike, bila mshono mwingine wa kuishikilia, na zipu ilikuwa ya aina ile inayoanza kuachia kabla muhula haujafika katikati. Bei ya sketi hiyo moja ilikaribia sana gharama ya kitambaa, zipu na uzi wa sketi mbili, kama mtu angeamua kushona mwenyewe.

Nami nashona. Sina fremu wala kibao cha biashara, ila nina cherehani ya miguu, Butterfly, iliyokaa karibu na dirisha la sebuleni, na nguo nyingi wanazovaa wanangu watatu, pamoja na magauni yangu ya vitenge, zimepita chini ya sindano yake. Kwa hiyo nilinunua tetroni nzito ya upana wa sentimita 150, mita mbili na robo, baada ya kulinganisha rangi na sketi ya binti wa jirani anayesoma shule hiyo hiyo. Kiuno cha mwanangu ni sentimita 66, na marinda yaliyolaliana sawasawa hula kitambaa mara tatu ya kiuno, yaani sentimita 198, ukiongeza kidogo za kuungia. Nilikigawa kitambaa katikati kwa urefu wake, nikapata vipande viwili vya upana wa sentimita 75, kila kimoja kikatosha sketi ya urefu wa 65, mbili za kushonea kiunoni, na nane za pindo. Kipande kilichobaki mwishoni kikatoa mikanda ya viuno vyote viwili. Nilipiga chaki rinda kwa rinda, ishirini na mawili kwa kila sketi, nikayapiga bandi, yaani mshono wa muda, kwa uzi mweupe, nikayapitishia pasi juu ya kitambaa kibichi, na bandi nikazifumua mwisho kabisa, baada ya kiuno kushonwa.

Naomba nieleweke kuhusu hizo sentimita nane za pindo, kwa sababu ndizo hasa zinazonifanya nishone. Mtoto wa miaka kumi na minne hukua huku unamtazama. Sketi yenye pindo pana huteremshwa mara moja, hata mara mbili, na pale penye alama ya kunjo la zamani, ambapo rangi hubaki imekoza kuliko kwingine, hupitishwa mshono mmoja wa mapambo ukaificha. Sketi ya pindo la sentimita mbili haina cha kuteremshwa. Ikimfupia mtoto, mzazi hurudi dukani. Sitaki kusema kwamba hushonwa hivyo kwa makusudi, lakini anayenufaika na ufinyu huo anajulikana.

Siku ya tatu ya masomo, wanafunzi wakiwa mstarini, mwalimu wa zamu alikikunja kiuno cha sketi ya binti yangu akatafuta lebo ya duka. Hakuiona. Hakuuliza urefu, hakulinganisha rangi na ya aliyesimama pembeni yake, lebo tu. Mtoto alirudishwa nyumbani na akakosa vipindi vya siku mbili, hadi nilipokwenda kununua ile sketi niliyokuwa nimeikataa.

Nilipofika ofisini kuuliza, nilipewa hoja ambayo siidharau. Niliambiwa kwamba nguo za kushonwa nyumbani zikiruhusiwa, kila mtoto atakuja na rangi yake, na kweli damu ya mzee ni jina linalobeba rangi nyingi, kuanzia ile inayokaribia zambarau hadi ile inayokaribia kahawia. Lakini hata duka hilo moja hupokea majora tofauti kwa nyakati tofauti, na sabuni na jua humaliza kazi iliyobaki, kiasi kwamba mtu akisimama mbele ya mstari wa shule yoyote atamtambua wa Kidato cha Nne kwa mpauko wa sketi yake bila kuuliza. Kama tatizo ni rangi, dawa yake ni kipande cha kitambaa chenye ukubwa wa kiganja kibandikwe kwenye ubao wa matangazo, pamoja na mchoro unaoonyesha upana wa rinda na umbali wa pindo kutoka gotini. Nembo ya kifuani ndiyo pekee ambayo mzazi hawezi kuitengeneza nyumbani ikafanana. Hiyo shule iiuze yenyewe, nasi tutainunua na kuishona shatini.

Hoja ya pili ni kwamba wazazi wengine watashona vibaya. Watashona, na mimi nilishona vibaya. Kaptula ya kwanza niliyomkatia mwanangu mkubwa niliikata bila kukunja kitambaa uso kwa uso, nikajikuta na mbele mbili za mguu wa kushoto na hakuna ya kulia, na nilipokwisha kununua kitambaa kingine cha kaki ya pamba, nilikikata bila kukiloweka kwanza, nacho baada ya kufuliwa mara moja kikapanda juu ya magoti kikagoma kushuka. Mtoto huyo hakwenda nayo shuleni, aliivalia nyumbani. Mzazi ana macho, na hakuna anayependa mwanawe achekwe. Iliyoshonwa vibaya irudishwe kwa ubaya wake, si kwa kukosa lebo.

Nilijifunza kushika sindano kwa mama yangu, aliyekuwa na Singer ya kuzungusha kwa mkono, miaka ile ambayo kitambaa kilipatikana kwa foleni, kabla biashara haijalegezwa mwaka 1984. Kipande kilichobaki kwenye gauni lake kilikuwa blauzi yangu, na kilichobaki kwenye blauzi kilikuwa mfuko wa kaptula ya kaka. Shule ya msingi ikaendeleza alipoishia mama: katika vipindi vya Sayansi Kimu tulifundishwa kutia kiraka, kukaza kifungo na kupiga mshono wa mnyororo, na mwalimu alikagua upande wa ndani kabla hajautazama wa nje. (Wavulana walipelekwa bustanini saa hizo, jambo ambalo naona lilikuwa kosa, maana wanangu wa kiume wanashona vifungo vyao wenyewe.)

Ndiyo maana nashindwa kuielewa shule inayomfukuza mtoto mstarini kwa sababu mama yake ana ujuzi. Tangu Januari 2024 tunao mtaala mpya wenye mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, katika sekondari, na tunasikia kila siku kwamba kijana afundishwe kazi ya mikono. Binti yangu alikaa nami usiku mbili akishika ncha ya kitambaa, akihesabu marinda, akijifunza kwa nini hesabu ya mara tatu haikwepeki, na alipotoka pale akaenda kufundishwa na wakubwa zake kwamba kilichotengenezwa nyumbani ni kosa.

Liko pia suala la fedha, ingawa silo pekee. Ada iliondolewa katika sekondari ya kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, na sare ikabaki mikononi mwa mzazi. Basi kama ni mzigo wangu, niachiwe nichague namna ya kuubeba: nishone, nimpelekee fundi wa barazani anayeketi mita mia moja kutoka kwangu na ambaye naye ana watoto wa kusomesha, au ninunue dukani kama sina muda. Mafundi wetu wana kasoro zao, na ahadi ya “njoo kesho” kila mmoja wetu anaijua, lakini huwezi kumnyima kazi fundi wa mtaa mzima kwa mstari mmoja wa fomu.

Sketi ile ya dukani iliachia pindo wiki ya tano. Nimeishona upya kwa cherehani ile ile, kwa uzi ule ule uliobaki kwenye sketi zilizokataliwa, nayo inavaliwa shuleni kila siku bila mtu kuuliza.

Nawaomba walimu wakuu na bodi zao, kabla hawajachapisha fomu za wanafunzi wa mwakani, waufute mstari huo unaotaja duka, na mahali pake waandike aina ya kitambaa, rangi na vipimo.

Wako,
Mzazi, Morogoro