Falsafa ya elimu isifutwe, ihamishwe

Mhariri,

Kila mafunzo ya ualimu yanapojadiliwa, hawakosekani wanaotaka falsafa ya elimu iondolewe chuo kikuu kwa madai kwamba haimsaidii mwalimu akishashika chaki. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari. Somo hilo nililisoma mwaka wa kwanza, nikapata A, na wanaosema hivyo siwashangai. Hata hivyo naomba lisifutwe. Lihamishwe.

Sisi tulifundishwa hivi: mhadhara mmoja kwa wiki, ukumbi umefurika, na kila wiki na nadharia yake. Leo udhanifu, wiki ijayo uhalisia, kisha upragmatiki, kisha udhanaishi, na kila moja chini ya vichwa vilevile vinne: waasisi, maarifa ni nini, mtaala, nafasi ya mwalimu. Madesa, yaani muhtasari wa masomo, tuliyarithi kwa waliotutangulia, kwa hiyo hakuna aliyehangaika kufungua kitabu. Hata Paulo Freire tulimpitia hivyohivyo. Huyu ndiye aliyeongoza, mwaka 1963, kazi ya kuwafundisha kusoma na kuandika wafanyakazi wapatao 300 katika mji wa Angicos, Brazil, kwa kuanzia na maneno ya maisha yao wenyewe; baada ya mapinduzi ya kijeshi ya 1964 akatiwa gerezani, kisha akaishi uhamishoni. Alipinga kwa nguvu zake zote ufundishaji unaomfanya mwanafunzi kuwa chombo cha kuwekewa akiba na mwalimu; huo aliuita elimu ya kibenki. Swali letu la mtihani lilisema: taja sifa tano za elimu ya kibenki. Nilizitaja zote tano kama nilivyozikariri, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Nikaenda kufundisha. Nilijiona mwalimu mzuri kwa sababu nilikuwa nauliza maswali. Pembe hii ni sawa na ile, si ndiyo? Ndiyo! Kwa hiyo pembetatu hizi zinalingana, si ndiyo? Ndiyo! Tumeelewana? Ndiyooo! Siku ya jaribio zaidi ya nusu ya darasa waliacha lile swali tupu. Niliwagombeza. Niliwaita wavivu, tena si mara moja.

Miaka kadhaa baadaye nilirudi kusoma shahada ya uzamili, na safari hii tulikuwa wachache. Mhadhiri alitupa kurasa zisizozidi kumi za Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, akasema tutakaa nazo wiki tatu. Humo Socrates, mwalimu wa Plato, anamwita kijana mtumwa ambaye hajawahi kufundishwa jiometri, anamchorea mraba wenye upande wa futi 2, kisha anamwuliza: mraba wenye eneo mara mbili ya huu utakuwa na upande wa futi ngapi? Kijana anajibu bila kusita: 4. Wanahesabu, eneo linakuwa 16 badala ya 8. Anajaribu 3, linakuja 9. Hapo anakiri kwamba hajui. Meno, bwana wa kijana huyo, alikuwa ameshamlalamikia Socrates kwamba anafanana na samaki taa, yule mwenye umeme, ukimgusa unakufa ganzi. Sasa Socrates anamgeuzia swali: huyu kijana tumemdhuru kwa kumtia ganzi? Mwishowe kijana anakubali kwamba mraba unaojengwa juu ya ulalo (mstari wa kona hadi kona) wa ule wa kwanza ndio unaotakiwa.

Socrates anashikilia kwamba hakumfundisha kitu, amemwuliza tu. Mhadhiri akatuuliza kama ni kweli. Wiki ya kwanza tulibishana hadi tukapitiliza muda. Wiki ya pili mwenzetu mmoja alipitia majibu ya kijana yule moja baada ya jingine, akatuonyesha kwamba mengi ni "ndiyo", na kwamba ulalo wenyewe aliuchora Socrates. Akauliza: kijana huyu anajua, au anaitikia?

Nilinyamaza. Nilikuwa nalisikia darasa langu.

Wiki ya tatu tuligundua mstari ambao wote tulikuwa tumeuruka: Socrates mwenyewe anasema kwamba aliyonayo kijana kwa sasa ni kama ndoto, na kwamba atafikia kujua akiulizwa mambo hayohayo mara nyingi na kwa namna nyingi. Tangu hapo "si ndiyo?" nimejitahidi kuiacha. Nauliza swali ambalo mtu anaweza kulikosea, kisha nasubiri, na kusubiri huko ni kugumu kuliko kusema. Mada zinachelewa kumalizika, sikatai. Lakini yule anayesema 4 kwa sauti, kisha akahesabu mwenyewe na kuona 16, simwiti mvivu tena.

Kurasa zilezile ningepewa mwaka wa kwanza ningezigeuza kuwa madesa, kwa sababu sikuwa na darasa la kulikumbuka. Ndiyo maana nataka somo hili lije baada ya mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi akiwa amerudi na yaliyomshinda. Mwanafalsafa wa Marekani John Dewey alipofungua shule ya majaribio katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896, nia yake ilikuwa mawazo kuhusu elimu yapimwe mahali watoto wanapojifunza. Sisi tunayatenga mawazo hayo na watoto kwa miaka miwili au mitatu, halafu tunashangaa hayafiki darasani.

Nitaambiwa wanafunzi ni mamia na wahadhiri ni wachache. Ni kweli. Basi mihadhara ipunguzwe, muda huo wagawanywe katika vikundi vya watu 20, na badala ya nadharia kumi wasome maandishi mawili au matatu, wayasome yenyewe. Mtihani nao ubadilike: mwanafunzi aeleze tukio moja la darasani alilolishuhudia kwenye mazoezi, kisha alijadili akipingana na mmoja wa aliowasoma. Kusahihisha kutachukua muda mrefu zaidi, na wahadhiri wahesabiwe muda huo kuwa sehemu ya kazi yao.

Mwalimu wa hisabati, sekondari