Kipimo cha maji ni kizuri, mbona samaki hawarudi?

Mwezi wa saba alitujia sisi wapimaji wa maji mama mmoja anayelima lengalenga kando ya kijito nje kidogo ya Lubumbashi, na bidoni ya maji mkononi. Upande wa juu wa bustani yake kuna lundo la zamani la mawe ya mgodi. Siku hizi maji ya pale hupitishwa kwenye mfereji uliojazwa mawe ya chokaa. Swali lake: aweke vifaranga vya tilapia bwawani au asubiri? pH, yaani kipimo cha asidi (7 ni katikati, chini yake ni asidi), ilikuwa 6,8 na maji meupe kabisa. Tukamwambia, "Mama, ngoja kwanza." Akaona tunamzungusha.

Mawe yenye piriti, yaani madini ya chuma na salfa, yakipata hewa na maji hutoa asidi ya salfa na chuma, na bakteria huichochea kazi hiyo. Asidi nayo huyeyusha metali nyingine zilizomo. Maji ya namna hiyo huweza kung'aa kuliko ya chupa, kwa hiyo weupe si ushahidi. Chokaa ikipandisha pH, chuma huganda kuwa tope la rangi ya kutu na kulala juu ya mawe ya mtoni, likiziba mianya yote ambamo wadudu hujificha.

pH ikipanda kutoka 4 hadi 6, asidi imepungua mara mia, maana kila namba ni mara kumi. Ila aluminiamu huanza kuganda pH ikikaribia 5, na ikigandia kwenye matamvua samaki hukosa pumzi. Tena Katanga yetu ina dolomi nyingi, mwamba wa jamii ya chokaa, inayopoza asidi yenyewe: unaweza kukuta pH nzuri na shaba bado imo majini. Shaba haina huruma na konokono. Sulfate ya shaba imetumika kuwaua konokono wa kichocho.

Ndiyo maana tulienda naye kijitoni tukageuza mawe. Tulipata funza wekundu tu, watoto wa visubi visivyouma. Hao huvumilia karibu kila kitu, na huwa miongoni mwa wa kwanza kurudi. Baadaye, mambo yakienda vizuri, huja wale wanaojijengea vibomba vya chembe za mchanga. Tunaowangoja zaidi ni wadudu bapa wenye mikia mitatu na vitamvua ubavuni, wanaong'ang'ania jiwe ukilitoa majini: wengi wao hawastahimili asidi wala metali. Hawa hutoka vijito safi vya juu. Kama mto hauna kijito safi kinachouingia, subira ni ndefu, hata chokaa iwe nyingi namna gani.

Kiangazi pia hudanganya. Miezi hiyo chumvi za metali hukauka juu ya lundo, halafu mvua za kwanza huzikokota zote mtoni kwa siku chache. Tope nalo usilichokore kwa jembe ukidhani unasafisha. Utazirudisha metali majini.

Kwa hiyo tunapima mara mbili, kiangazi na wiki ya mvua za kwanza, na tunakuja wenyewe na wavu kuhesabu wadudu mbele yako. Mama yule tumeshamwandika kwa mvua zijazo. Ukituletea maji mwenyewe, tafadhali isiwe bidoni iliyokaa mafuta ya mawese. Ioshe kwanza mara tatu kwa maji ya mto uleule.