Dereva wa vifurushi naye alipwe saa za ziada

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee madereva wenzangu tunaosambaza vifurushi hapa Arusha. Asubuhi unapakiziwa mzigo wa Sakina, Njiro na Moshono kwenye kirikuu kimoja, kana kwamba ni mtaa mmoja. Masika hii njia za ndani Moshono ni tope tupu. Unaelekezwa "ukifika kwa fundi seremala nipigie". Ukipiga, simu haipokelewi. Kifurushi kikirudi ghalani hulipwi kitu, na mafuta umeshachoma. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa moja ukizidisha saa tano mfululizo, na saa ya ziada kulipwa mara moja na nusu. Sisi tunaambiwa ni mawakala, si waajiriwa, ilhali muda wa kuripoti, sare na njia tunapangiwa. Maofisa kazi waje kwenye maghala haya saa mbili usiku, wayakute magari ndiyo kwanza yanarudi. Na safari ya mteja asiyepokea simu ilipwe angalau nusu.

Dereva wa vifurushi,
Njiro, Arusha