Dawa ya sukari ya mama imegeuka dawa ya kila kitu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni. Mama yangu ana kisukari aina ya pili na huu ni mwaka wa 11 anameza metfomini, asubuhi na jioni baada ya chakula. Mwezi uliopita shangazi alikuja kumwona, wakaongea wee, mwishoni akamwomba amgawie vidonge. Shangazi hana sukari, alishapima hana, ila kasoma kwenye simu kwamba hiyo dawa inazuia kansa na inachelewesha uzee. Na mama kwa huruma zake akampa karatasi mbili, yaani zile zile za kumfikisha siku ya kliniki!

Sikugombana na mtu. Nikakaa nikaanza kusoma mwenyewe usiku usiku, na nilichokikuta ndo kimenifanya niandike, kwasababu shangazi hakudanganywa moja kwa moja, kapewa nusu ya habari.

Kwanza hii dawa ni ya zamani sana. Asili yake ni mmea unaitwa Galega officinalis, watu wa Ulaya walikuwa wanautumia tangu enzi za kati, una kemikali inayoshusha sukari ila ni sumu. Metfomini yenyewe ilitengenezwa Dublin mwaka 1922 halafu ikasahaulika, mpaka daktari wa Ufaransa, Jean Sterne, alipochapisha mwaka 1957 matokeo ya kuwapa wagonjwa wa sukari, akaipa jina Glucophage, yaani mla sukari. Marekani waliichelewesha hadi 1994, na nadhani walikuwa na haki ya kuogopa, maana ndugu yake fenfomini ilishaondolewa sokoni miaka ya 70 kwa kuwajaza watu asidi kwenye damu. Kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu, ndo maana ikitumika peke yake ni nadra kuishusha sukari mpaka mtu azimie.

Sasa utafiti ambao mimi nauheshimu kuliko yote ni ule wa Uingereza uliotoka 1998, waliwafuata wagonjwa wapya wa kisukari wenye uzito mkubwa kwa miaka kama 10, na waliopewa metfomini vifo vilipungua kwa asilimia 36 ukilinganisha na walioachwa na ushauri wa chakula. Hapo ndipo iliposimama kama dawa ya kwanza anayoanzishiwa mgonjwa. Mwaka 2002 Marekani wakatoa mwingine, watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda tu, metfomini ikapunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 31. Lakini kundi la mazoezi na kupunguza uzito lilipata asilimia 58. Hiyo 58 mbona sijawahi kuiona ikisambazwa kwenye simu za watu? Inatumika pia kwa wanawake wenye vimbe ndogo ndogo kwenye ovari, wale hedhi inapotea miezi, na hapo ina faida inayojulikana.

Tuje kwenye kansa. Mwaka 2005 watafiti wa Scotland waliangalia mafaili ya wagonjwa wa sukari wakaona wanaotumia metfomini wanapata kansa kidogo kuliko wenzao, na dunia nzima ikashtuka kwa furaha. Ila kuangalia mafaili sio sawa na kujaribu, kwasababu anayepewa metfomini mara nyingi ni yule ambaye figo na afya bado ziko vizuri, wenye hali mbaya wanapewa kitu kingine, kwahiyo unaweza ukaisifu dawa kumbe unasifu afya ya mtu. Ikabidi wajaribu kweli kweli. Wanawake 3,649 wenye kansa ya matiti wasio na sukari, nusu metfomini nusu kidonge kisicho na dawa, miaka 5. Majibu yakatoka 2022: haikuzuia kansa kurudi. Nilisoma hapo nikanyamaza kimya, nikiwafikiria wale wanawake waliomeza vidonge miaka yote hiyo ili sisi tujue.

Simaanishi utafiti uachwe, hapana, ndo kwanza ninautetea. Kwenye Uviko kuna jaribio la watu wenye uzito mkubwa, lengo lake kuu halikufikiwa lakini walioanza metfomini mapema, asilimia 6 tu ndo walikuja kupata Uviko wa muda mrefu, wasiotumia walikuwa 10. Mwaka 2024 wachina wakaonyesha kwa nyani madume, miezi 40, kwamba dalili za uzee zilipungua hadi kwenye ubongo. Nyani wachache lakini. Na kuna mpango wa Marekani wa Dk Nir Barzilai wa kuwajaribu watu 3,000 wa miaka 65 hadi 79 wasio na sukari waone kama magonjwa ya uzee yatachelewa, na miaka inapita wakihangaika na pesa, kwasababu hati miliki ya metfomini iliisha zamani, kila kiwanda kinaitengeneza kwa bei ya chini, sasa kampuni gani itoe mamilioni kwa kitu ambacho haitapata faida? Hapa ndo serikali zinatakiwa zitie mkono, hili swali ni la wazee wote duniani sio la wenye hisa.

Na kwa shangazi na walio kama yeye, naomba mliandike hili kwa herufi kubwa kama zile za "inazuia kansa": kuna jaribio la 2019 la wazee waliofanya mazoezi ya kunyanyua vyuma wiki 14, waliotumia metfomini walijenga misuli kidogo kuliko wasiotumia. Mtu anameza asizeeke kumbe anaizuia misuli yake isijengeke vizuri. Mwenye figo zilizochoka sana haruhusiwi kabisa. Tumbo linavuruga wengi. Na ukiitumia miaka mingi inapunguza vitamini B12, ganzi ya miguu ikija unasema ni sukari kumbe ni upungufu.

Hii ya B12 ndo iliyonishtua zaidi maana mama analalamika ganzi tangu mwaka juzi na kwenye kliniki yake hakuna aliyewahi kumpima, na mimi sikujua kuuliza. Jumatatu nampeleka. Shangazi kazirudisha karatasi zote mbili, kidonge kimoja tu ndo hakipo, anasema kilimsumbua tumbo siku nzima.

Msomaji wenu wa kila siku